Masharti Tuliyokulia

Katika mji wa Rochester, jimbo la New York, palikuwa na idara ndogo ya chama cha kuzuia ukatili dhidi ya watoto. Mwanasaikolojia kijana aitwaye Carl Rogers aliingia kazini hapo mwaka 1928, akakaa miaka 12. Walioletwa kwake ni watoto walioshindikana shuleni, waliotumwa na mahakama, au waliowachosha wazazi wao. Kazi yake ilikuwa kumpima mtoto, kumhoji mzazi, kutambua chanzo cha tatizo, kisha kusema nini kifanyike. Aliifanya kwa bidii, kama alivyofundishwa.

Kati ya wazazi hao alikuwapo mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa mtundu wa kupindukia. Rogers alikwisha kupiga hesabu zake: mama huyu alimkataa mtoto tangu akiwa mdogo, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kilichobaki ni mama mwenyewe kulikubali hilo. Kikao baada ya kikao alimsogeza taratibu kuelekea kwenye jibu, na kikao baada ya kikao mama hakufika. Mwishowe Rogers akamwambia kwamba wote wawili wamejitahidi lakini inaonekana wameshindwa, basi heri waishie hapo. Mama akaafiki. Wakaagana, mama akaelekea mlangoni. Alipofika akageuka, akauliza kama pale huwa wanapokea watu wazima wenye shida zao. Akajibiwa ndiyo. Akarudi, akaketi kwenye kiti alichotoka kukiacha, akaanza kueleza habari za ndoa yake, mume ambaye hawaelewani tena, na jinsi anavyojiona ameshindwa kila upande. Hakuna hata kimoja kati ya hayo kilichofanana na maelezo makavu aliyokuwa akiyatoa siku zote.

Tiba ilianza siku ile, ikamfaa mama, ikamfaa na mtoto. Rogers alikisimulia kisa hicho katika *On Becoming a Person*, kitabu chake cha mwaka 1961 kilichomfanya ajulikane hata na watu wasiosoma saikolojia. Alisema kilimsaidia kuelewa kwamba anayejua panapouma ni mwenye maumivu.

Nakileta kisa hiki kwa sababu biashara ya "kujitambua" imeshamiri miongoni mwetu. Kumbi za hoteli zinajaa Jumamosi, kiingilio kinalipwa kwa simu, na jukwaani anasimama mhamasishaji anayewaamuru watu wamgeukie jirani na kumwambia, "Wewe ni mshindi!" Video fupi zinatuhimiza tuamke saa kumi alfajiri, tuoge maji baridi, tuwakimbie marafiki wasio na malengo. Mara nyingi hutajwa mwanasaikolojia Abraham Maslow na ile piramidi yake ya mahitaji ya binadamu, ambayo haimo hata katika makala yake maarufu ya mwaka 1943. Waliichora wengine baadaye. Sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki kwa kuwatia wenzake moyo. Ninachokipinga ni fundisho lililojificha ndani yake, kwamba ulivyo sasa hutoshi, na kwamba utaanza kukua siku utakapojichukia kiasi cha kutosha. Walioasisi saikolojia ya utu waliona kinyume chake, na Rogers hakuishia kuamini tu. Alipima.

Saikolojia hiyo iliitwa nguvu ya tatu. Marekani ya katikati ya karne iliyopita ilikuwa na kambi mbili kubwa: wafuasi wa Freud, waliomwona binadamu akisukumwa na tamaa zilizofichika asizozijua, na wanatabia, waliomwona akifinyangwa na malipo na adhabu kutoka nje. Maslow, Rogers, Rollo May na wenzao walitaka pawe na nafasi ya kumtazama mtu kama yeye mwenyewe anavyoyaona maisha yake. Jarida lao lilianza mwaka 1961, na mkutano wao wa Old Saybrook, Connecticut, mwaka 1964 ndio unaokumbukwa kama siku walipokaa pamoja kama kundi. Historia hiyo ni ndefu na ina majina mengi. Nitabaki na Rogers, kwa kuwa suala la mtu na picha aliyo nayo juu ya nafsi yake ndilo lililomshughulisha maisha yake yote, na si kwenye vitabu tu.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1902 huko Oak Park, kitongoji cha Chicago, wa nne katika watoto sita. Baba alikuwa mhandisi. Nyumba ilikuwa na upendo na Biblia, lakini haikuwa na karata, dansi, pombe wala sinema. Rogers alikumbuka kwamba hata soda yake ya kwanza aliinywa kwa hisia ya dhambi. Alipokuwa na miaka 12 familia ikahamia shambani, mbali na vishawishi vya mji. Huko alikua mpweke, akifuga nondo wa usiku na kusoma vitabu vya kilimo cha kisayansi. Mwaka 1922 akawa miongoni mwa wanafunzi wachache wa Marekani waliopelekwa Peking, China, kwenye mkutano wa wanafunzi Wakristo wa dunia. Safari ilichukua miezi, na katika miezi hiyo kijana wa miaka 20 aligundua kwamba anaweza kuwaza tofauti na wazazi wake na bado akawa mtu mwema. Alirudi, akajiunga na chuo cha theolojia New York, kisha akavuka barabara kwenda Teachers College kusomea saikolojia.

Nayataja haya kwa sababu nadharia yake ina harufu ya nyumba ile. Mtoto aliyelelewa na watu wanaompenda kwa dhati, lakini ambao upendo wao una mipaka isiyosemwa, anajifunza mapema ni sehemu gani ya nafsi yake inakaribishwa mezani na ni ipi ibaki nje.

Mwaka 1943, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, mwanafunzi wa Rogers aitwaye Victor Raimy aliandika tasnifu kuhusu jambo ambalo washauri walilisikia kila siku bila kulizingatia: kauli ambazo mtu anazitoa juu yake mwenyewe. Alizihesabu katika mazungumzo ya ushauri, akizigawa zile za kujikubali, za kujikataa na za kusitasita. Pale ambapo ushauri ulifanikiwa, mtu aliyeanza kwa kujilaumu alimaliza akizungumza juu yake mwenyewe kwa kujikubali. Karibu na wakati huo mwalimu wa Columbia, Prescott Lecky, alikuwa amegundua kitu kinachofanana na hicho kwa wanafunzi wenye matatizo ya tahajia. Anayejiona hajui tahajia, alisema Lecky, hukosea karibu kiasi kile kile kila ukurasa, maneno yawe mepesi au magumu, kana kwamba anailinda sifa yake. Mwalimu yeyote wa Hisabati wa shule zetu za sekondari anamfahamu mtoto huyu. Anafika kidato cha kwanza akiwa na sentensi moja kichwani, "mimi hesabu siziwezi", na akipata swali sawasawa anasema amebahatisha.

Rogers aliyakusanya mambo haya katika kitabu cha mwaka 1951, *Client-Centered Therapy*, na kuyakamilisha katika andiko refu la mwaka 1959. Kila mtu, alisema, ana picha aliyojijengea juu ya nafsi yake: mimi ni nani, naweza nini, nastahili nini. Picha hiyo hatuzaliwi nayo. Tunaikusanya kutoka nyuso za watu wanaotulea, na kwa kuwa mtoto anahitaji kupendwa kama anavyohitaji maziwa, atafanya lolote asiipoteze sura ya furaha ya mama. Mwanafunzi mwingine wa Rogers, Stanley Standal, ndiye aliyelipa jambo hili jina mwaka 1954: masharti ya thamani. Napendwa nikiwa hivi. Nisipokuwa hivi, sipendwi.

Mtazame binti wa kwanza katika nyumba zetu nyingi. Ana miaka tisa, ametoka shule, sare hajaivua. Ndoo iko mkononi, mdogo wake yuko mgongoni amefungwa khanga, na wageni waliokaa barazani wanasema kwa sauti ya yeye kusikia, "Huyu ndiye mama wa pili wa nyumba hii. Hachoki huyu!" Mama anatabasamu. Binti analiona tabasamu lile na linamwingia mwilini. Hakuna aliyemtendea ubaya hapo. Wamemsifu, na sifa ni ya kweli. Lakini sifa imekuja na sharti ambalo hakuna aliyelitamka. Siku akichoka, siku akimkasirikia yule mtoto mgongoni, hatajua aipeleke wapi hasira hiyo, maana mtoto anayependwa katika nyumba hii ni yule asiyechoka. Basi atajifunza kutoisikia. Miaka 20 baadaye ni muuguzi, au karani wa benki, au mama mwenye nyumba yake, analipa ada za wadogo zake watatu, kichwa kinamgonga kila jioni, na ukimwuliza hali atakujibu, "Mimi sijambo, niko imara." Hakudanganyi. Picha aliyo nayo juu ya nafsi yake haina nafasi ya mtu aliyechoka, kwa hiyo uchovu unapogonga mlango anauita malaria, au uchawi, au uvivu unaotaka kumwingia.

Hapa ndipo Rogers anaponigusa zaidi. Alieleza kwamba mtu huikataa sehemu ya maisha yake kwa njia mbili. Ama hairuhusu kabisa ifike kwenye ufahamu, ama anaipotosha mpaka ifanane na picha aliyo nayo. Na jambo hili linafanyika hata kwa mema. Mtu aliyekua akiambiwa hana akili akifaulu mtihani atasema maswali yalikuwa mepesi. Mke aliyeaminishwa kwamba hapendeki akipewa zawadi atajiuliza mumewe amefanya kosa gani. Ndiyo maana kumwambia mtu mwenye picha mbovu kwamba yeye ni mshindi hakumfikii. Maneno yanagonga ukuta na kurudi, na huenda yakamwacha na aibu zaidi, kwa kuwa sasa kuna ukumbi mzima wa washindi na yeye peke yake anajua siri yake.

Alipohamia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1945, Rogers alianzisha kituo cha ushauri, na huko wenzake John Butler na Gerard Haigh wakafanya kazi ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1954. Walichukua kadi 100, kila moja ikiwa na sentensi ambayo mtu anaweza kuisema juu yake mwenyewe. Mteja alizipanga katika mafungu 9, kutoka zile zisizofanana naye kabisa hadi zile zinazofanana naye sana. Kisha akazichanganya na kuzipanga upya, safari hii akionyesha mtu ambaye angependa kuwa. Watafiti walilinganisha mipango hiyo miwili. Kwa wateja 25, kabla ya ushauri uwiano kati ya nilivyo na ninavyotaka kuwa ulikuwa kama sifuri: mtu aliye kwenye kiti na mtu anayetamaniwa hawakuwa na uhusiano wowote. Baada ya ushauri uwiano ulipanda hadi karibu 0.34. Kwa watu wa kulinganishia, ambao hawakuomba ushauri, ulikuwa karibu 0.58 tangu mwanzo na haukusogea.

Namba hizo ni za unyenyekevu, na hilo ndilo linalonifanya niziamini. Hazisemi kwamba mtu alizaliwa upya. Zinasema kwamba pengo lilipungua, na kwamba bado lilikuwepo.

Lakini lilipungua kwa dawa gani? Rogers aliamini kwamba ndani ya kila kiumbe hai mna msukumo wa kukua. Mfano alioupenda aliutoa shambani kwao. Viazi vya akiba vya majira ya baridi viliwekwa ghalani chini ya nyumba, futi kadhaa chini ya dirisha dogo. Hali haikufaa kabisa, na bado viazi vilichipua: machipukizi meupe, dhaifu, yaliyorefuka kuelekea ule mwanga wa dirishani. Hayangekuwa mimea kamili kamwe. Alisema alivikumbuka viazi vile alipokutana na watu waliokaa miaka katika wodi za wagonjwa wa akili, ambao maisha yao yalionekana yamepinda vibaya. Alijiuliza kila kilichopinda kilikuwa kinautafuta mwanga gani.

Kwa hiyo mshauri haoteshi mmea. Anaandaa mazingira, na mwaka 1957 Rogers aliyaorodhesha kwa ujasiri uliowaudhi wengi. Kati ya hayo, matatu ni ya mshauri mwenyewe: awe mkweli, asijifiche nyuma ya cheo na koti, amthamini aliye mbele yake bila masharti, na ayaelewe mambo kama yanavyoonekana kutoka pale mwenzake alipokaa, kisha amwonyeshe kwamba ameelewa. Shahada haikuwemo katika orodha ile.

Ni rahisi kuyasoma na kusema hayo ni mambo ya kawaida. Ukiyajaribu utaona. Rogers alikuwa wa kwanza kuchapisha ushauri mzima neno kwa neno, katika kitabu chake cha mwaka 1942. Vikao vilirekodiwa kwenye sahani za santuri zilizojaa kila baada ya dakika chache, mtu akikaa chumba cha pili kuzibadilisha. Rekodi za namna hiyo ziliwaumbua washauri. Mwenzake mmoja wa Ohio alipohesabu maneno, alikuta washauri wa mtindo wa kuelekeza wanatumia karibu mara 6 ya maneno wanayotumia wale wa mtindo wa kusikiliza. Yule aliyekuja na shida ndiye aliyekuwa akisikiliza. Ningependa hesabu hiyo ifanywe katika ofisi za walimu wa nidhamu, katika vikao vya usuluhishi wa ndoa, na katika vyumba vya madaktari ambako mgonjwa anakatizwa kabla hajafika kwenye kilichomleta.

Jambo la kumthamini mtu bila masharti linaeleweka vibaya, hasa na wazazi, wanaodhani wanaambiwa wawaachie watoto wafanye watakalo. Rogers alitenganisha mtu na tendo. Rudi kwa yule binti mwenye ndoo. Mama anaweza kumwambia, "Naona leo umechoka, na huyu mtoto amekuudhi. Hata mimi huniudhi. Maji yanahitajika kabla jua halijazama, kachote ndoo moja, iliyobaki nitachota mwenyewe." Kazi imebaki palepale. Kilichobadilika ni kwamba uchovu umepata ruhusa ya kukaa ndani ya nyumba, na binti amejifunza kwamba anaweza kuchoka na bado akawa wake mama.

Kinachonifanya nimwamini mzee huyu ni kwamba naye alipitia mlango huo huo wa wenye shida. Karibu na mwaka 1950, akiwa Chicago na jina kubwa, alimshughulikia mteja mmoja mwenye ugonjwa mzito wa akili mpaka yeye mwenyewe akaanza kupoteza mwelekeo. Alihisi yuko karibu kuvunjika. Siku moja aliondoka ghafla na mkewe, Helen, wakakaa mbali na mji kwa muda mrefu. Aliporudi aliomba msaada wa mmoja wa watu aliowafundisha na aliokuwa bosi wao. Katika tiba hiyo alilitambua jambo alilolibeba tangu utotoni: kwamba watu wangeweza kuipenda kazi yake, lakini yeye mwenyewe, mtu wa ndani, hapendeki. Mwanasayansi aliyefundisha dunia kuhusu masharti ya thamani alikuwa akiishi kwa sharti la kufanya kazi. Wenzake walisema baada ya hapo alikuwa mtu mwingine chumbani, mwepesi zaidi wa kuwa karibu na mtu.

Mipaka ya njia yake ipo, na nisingependa kuificha. Kuanzia mwaka 1957 Rogers alikwenda Wisconsin kujaribu njia yake kwa watu waliolazwa kwa skizofrenia katika hospitali ya serikali. Kazi ilichukua miaka, ikajaa ugomvi kati ya watafiti, na kwa jumla waliopata tiba hawakuonyesha nafuu kubwa kuliko wasiopata. Mwaka huo huo, mbele ya hadhara katika Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafalsafa Martin Buber alimbana kwa swali ambalo bado lina uzito: unasema wewe na mgonjwa wako ni sawa, lakini yeye ndiye aliyekuja kwako na shida, wewe hukwenda kwake. Rogers hakukubali, ila nadhani Buber alikuwa na haki. Usawa hauletwi na nia njema ya aliyekaa upande wenye nguvu.

Kwetu swali linalosikika zaidi ni jingine. Mtu anapokwenda kwa shangazi, kwa mzee wa ukoo, kwa mchungaji au kwa sheikhe, anakwenda kutafuta neno. Akirudishiwa maneno yake mwenyewe ataona amepoteza nauli. Pingamizi hili ni la haki, lakini si la Waafrika peke yao. Katika filamu iliyotengenezwa Marekani katikati ya miaka ya 1960, mama aliyetambulishwa kwa jina la Gloria, aliyeachana na mumewe, alikaa na Rogers kwa nusu saa hivi. Bintiye wa miaka tisa alikuwa amemwuliza kuhusu wanaume, na yeye alikuwa amemdanganya. Alitaka kujua kama amwambie mtoto ukweli. Aliomba jibu, akaomba tena, akakasirika kidogo. Rogers hakumpa, na hakumkwepa. Alikiri kwamba anaiona shida yake na kwamba jambo lenyewe ni la kuamua mwenyewe. Polepole Gloria alianza kusema kwamba jibu analijua, anachotafuta ni mtu wa kumruhusu. Ukiitazama filamu ile utaona uso unavyobadilika pale anapojisikia akisema hivyo. Ninadhani hata shangazi mwenye busara hufanya hivyo: anapika chai, anamwacha mwana aongee mpaka amalize, na neno lake la mwisho mara nyingi ni lile ambalo mwana amekwisha kulisema bila kujua.

Afrika Mashariki tuliwahi kulazimika kujifunza usikilizaji huo kwa uchungu. Shirika la TASO, la kuwasaidia wenye virusi vya ukimwi, lilianzishwa Uganda mwaka 1987, mwaka ule ule Rogers alipofariki, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi hivyo hazikuwapo kwa mgonjwa wa kawaida. Mshauri hakuwa na kidonge cha kumpa mtu. Alikuwa na kiti, siri na masikio. Baadaye vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari vilienea Kenya, Tanzania na kwingineko, na washauri wake walifundishwa kutohukumu, kutomwamulia mtu, kumwuliza ataishi vipi na majibu yakiwa hivi au vile. Watu waliokuwa wameandikwa na majirani kama waliokwisha kufa walijiona tena kuwa baba, dada, fundi, mkulima. Baadhi yao wako hai leo kwa sababu ya dawa, lakini waliifikia siku ya dawa kwa sababu kuna mtu aliyewatazama bila kugeuza uso.

Miaka yake ya mwisho Rogers aliitumia kuwakalisha pamoja watu wanaochukiana. Aliwaleta Wakatoliki na Waprotestanti wa Belfast katika chumba kimoja, na mwaka 1982, akiwa na miaka 80, alikwenda Johannesburg wakati wa ubaguzi wa rangi kukaa na kundi la weusi na weupe, yeye na mwenzake Ruth Sanford. Hakuangusha utawala wa makaburu, wala hakudai hivyo.

Zoezi moja alilolipendekeza zamani, katika hotuba ya mwaka 1951, halihitaji mtaalamu wala kiingilio. Mnapobishana, wekeni kanuni moja: hakuna anayeruhusiwa kutoa hoja yake kabla hajaeleza hoja na hisia za aliyetangulia, kwa namna ambayo yule aliyetangulia mwenyewe atakiri, "Ndiyo, hicho ndicho nilichomaanisha." Lijaribuni katika kikao cha familia cha kugawana shamba la marehemu. Kaka mkubwa aanze kwa kueleza, mpaka dada aridhike, kwa nini dada anaona ameonewa. Mara ya kwanza atakosea, dada atasema, "Hapana, sivyo", na itabidi arudie. Kikao kitakuwa kirefu, sauti zitashuka bila mtu kuamrisha, na baadhi ya hoja mlizokuja nazo zitakosa pa kukaa. Rogers alionya kwamba ugumu wa zoezi hili hauko katika ufundi. Ukimwelewa mtu kikweli, kutoka pale alipo, unaweza kujikuta umebadilika wewe, na wengi wetu tunaiogopa hatari hiyo kuliko tunavyoogopa kushindwa katika ubishi.